Kamera ya Kuingia Nayo Kondele

Mtayarishaji anayetaka kupiga filamu ndefu Kisumu akinipigia simu, jambo la kwanza analouliza ni kamera. "Una gani?" Mimi humrudishia maswali: tutapiga wapi, saa ngapi, na nyuma yangu watasimama watu wangapi? Wengine hudhani ninawazungusha. Lakini akiniambia tutakuwa Milimani, ndani ya nyumba ya kukodi yenye geti na jenereta, basi alete anachokipenda, hata mtambo wa kubebwa na wanaume wawili. Akisema Kondele, hapo tunaanza hesabu nyingine.

Kazi hii nimeikulia ukanda wa ziwa, na kama wapiga picha wengi wa huku, shule yangu ya kwanza ilikuwa matanga. Kwa Wajaluo mazishi ni shughuli kubwa, yenye umati, hotuba, ng'ombe, muziki, na jamaa walioko Nairobi au Uingereza wanaoisubiri video. Pale hakuna kurudia. Jeneza halishushwi mara ya pili eti kwa sababu fokasi ilikataa. Unajifunza kupita katikati ya waombolezaji bila kumgusa mama mfiwa, kusimama ukingoni mwa kaburi bila stendi, na kupiga juani tangu asubuhi huku ukijua kwamba la muhimu kabisa litatokea alasiri, mkono ukiwa umeshachoka. Wapo wanaoidharau video ya matanga. Mimi nikipewa msaidizi wa kamera aliyetoka huko, nashukuru, maana simwelezi kwa nini gramu mia tano zilizoongezwa kwenye kamera asubuhi hubadilisha fremu ya jioni.

Sasa Kondele yenyewe. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kakamega, ukaipita Kibuye, unafika mahali ambapo magari ya mbali yanapanda daraja la juu na chini yake kila kitu kinafanyika kwa pamoja: boda zinagombea abiria, tuktuk inageuza mahali pasipogeuzika, mama anapima omena kwa gorogoro, spika ya duka la simu inapiga ohangla, makanga anaita Mamboleo. Mwandishi wa skripti huandika, "Nje, Kondele, mchana. Akinyi anavuka barabara." Kwake ni mstari mmoja. Kwangu ni siku nzima, na kama kamera si sahihi, ni siku mbili.

Mtaa huu haukosi kuzijua kamera. Tatizo ni kwamba unazijua za aina moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tena Agosti 2017, na katika maandamano ya miaka iliyofuata, jina la Kondele lilifika kwenye taarifa za habari likiwa limefunikwa na moshi wa matairi. Kwa hiyo kamera kubwa begani ina maana yake tayari kabla hujaiwasha. Nimelishuhudia hili mara nyingi mno. Anakuja wa kwanza: "Omera, hiyo ni ya stesheni gani?" Huyo anataka kuonekana, na ataita wenzake. Wa pili hataki kuonekana kabisa, ana sababu zake, na anaifunika lenzi kwa kiganja. Wa tatu anauliza pesa za mtaa ziko wapi, na kusema kweli swali lake si baya, maana mtambo wa thamani ya nyumba umesimama mbele ya kibanda chake na wateja wameacha kununua. Huyo Akinyi wa skripti bado hajavuka barabara, na mwigizaji ameanza kutoka jasho lisilo la mhusika.

Kamera ndogo yenye lenzi moja, isiyo na sanduku la vichujio mbele wala antena juu, husomwa tofauti. Watu huiona ya mpiga picha wa harusi. "Nipige moja basi," kijana wa boda anasema. Unampiga, unamwonyesha, anacheka, anarudi kwenye pikipiki yake. Baada ya muda umekuwa mtu wa pale, na barabara inaendelea na shughuli zake. Hiyo ndiyo thamani ninayoilipia. Sitaki barabara iliyosimamishwa ili mwigizaji avuke. Nataka avuke ile yenyewe.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo vijana wa kamera ndogo hawapendi kulisikia. Udogo wa kamera si kibali. Sheria ya filamu ya Kenya, Sura ya 222, inadai leseni ya kupiga filamu, na leseni hiyo hutolewa na Bodi ya Kuainisha Filamu. Sheria haiulizi kamera ina kilo ngapi. Zaidi ya hapo kuna mwenyekiti wa stegi, kuna wenye vibanda, kuna chifu, kuna kituo cha polisi. Mimi huwatembelea wote siku chache kabla, mikono mitupu, bila begi lolote, na ninawaambia ukweli kwamba ni filamu ya kuigiza, kwamba fulani atakimbia hapa na hatakuwa mwizi wa kweli. Hilo la mwisho usilisahau. Mwigizaji anayekimbia Kondele huku mtu akipiga kelele nyuma yake anaweza kupigwa mawe na watu wema kabisa. Na mtu ambaye uso wake umejaa kwenye fremu anaulizwa, na akikataa, tunahamisha fremu.

Ziwa hili lina mfano wake mashuhuri wa kazi ya kamera ndogo, nao uko ng'ambo, Mwanza. Hubert Sauper wa Austria alipiga huko Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi kuhusu biashara ya sangara, iliyotoka 2004 na baadaye kuteuliwa kuwania Oscar. Ameeleza mwenyewe kwamba walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake, na kamera ndogo. Filamu ile iliwaudhi wengi Tanzania, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Mimi pia sipendi jinsi inavyotuangalia sisi watu wa ziwa, kana kwamba hakuna siku tunayoamka tukicheka. Lakini nikiitazama kama fundi, naona mahali ambapo watu wawili waliingia na kundi la watu ishirini lisingefika hata mlangoni: vyumba vya marubani, vibanda vya usiku, ufuo wenye mabaki ya samaki. Udogo ule uliwafungulia milango. Walichokifanya baada ya kufunguliwa ni suala jingine, na hapo kamera haina lawama.

Tofauti yetu na Sauper ni kwamba sisi tunaigiza. Filamu ya kuigiza inataka kurudia. Inataka uso wa Akinyi saa nne asubuhi ufanane na uso wake saa tisa alasiri, kwa sababu kwenye hadithi ni dakika ileile. Inataka picha itakayovumilia skrini kubwa na mikono ya fundi wa rangi. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtayarishaji achukue simu tukapige, ingawa najua Sean Baker alipiga Tangerine ya 2015 kwa iPhone 5s, na Thomas Vinterberg alipiga Festen ya 1998 kwa kamera ya kanda ndogo ya nyumbani. Filamu zile zilitungwa zikijua zitaonekana hivyo. Skripti ninazoletewa huku mara nyingi zinataka ziwa lionekane ziwa.

Watu wa zamani nao waliupigania wepesi wa kamera kwa namna yao. Inasimuliwa kwamba Jean Rouch aliposhuka mto Niger kwa mtumbwi miaka ya 1940, stendi yake ilipotelea majini, akalazimika kupiga kwa mkono, na hakujutia. Baadaye akafanya kazi na mafundi wa Éclair, Ufaransa, waliokuwa wakitafuta kamera ya filamu ya kukaa begani, isiyopiga kelele na inayokwenda sambamba na sauti. Jean-Pierre Beauviala, aliyepitia Éclair, akaanzisha Aaton kule Grenoble mwaka 1971, akitaka kamera itulie begani kama paka. Nimewahi kuishika Aaton ya milimita 16 ya mwalimu mmoja mzee, na paka yule yupo kweli: inakaa, hata ukivuta pumzi inatulia nawe. Ila magazini yake ya futi 400 inakupa dakika 11 tu, halafu ubadilishe. Kuna kitu kizuri katika dakika 11. Dairekta hafungui mdomo kusema "tuendelee tu tuone" akijua filamu inakatika.

Hao walikuwa na kamera za kilo sita, saba, na tukaziita nyepesi. Siku hizi neno limekwenda mbali zaidi. Sony FX3, iliyotoka 2021, ina gramu 715 pamoja na betri na kadi. FX6, ya mwaka mmoja kabla yake, bodi yake ni gramu 890. ARRI Alexa Mini ya 2015, ambayo kwa wengi wetu ndiyo ndoto, ina kilo 2.3 ikiwa bodi tupu. Angalia hayo maneno mawili, bodi tupu. Hakuna anayepiga filamu kwa bodi tupu. Weka lenzi ya sinema, sanduku la vichujio, mota ya fokasi, skrini, kirushio cha picha cha dairekta, betri ya nyuma na vishikio, Alexa Mini inafika kilo nane au tisa kabla hujageuka. Na kila kimojawapo cha hivyo kina mtu wake: wa fokasi, wa betri, wa skrini. Ndiyo maana simwamini mtayarishaji anayeniambia kamera fulani ni nyepesi akiwa amesoma karatasi ya dukani. Huwa namwomba aipange yote mezani, aipime, kisha awahesabu watu watakaoizunguka.

Wepesi wa kupita kiasi nao una adhabu. Ishike FX3 ilivyotoka kwenye boksi, utembee nayo nyuma ya mwigizaji kutoka Kondele kuelekea Manyatta: kila pigo la moyo limo kwenye picha. Ukiwasha kituliza-picha cha ndani, mtetemo unakwisha, lakini fremu inaelea, na kwenye pembe inajikunja kidogo kwa namna ambayo jicho la mtazamaji halijui kuitaja ila linaichukia. Dawa ninayoijua ni kuirudishia uzito. Kizimba cha chuma, kishikio cha juu, betri kubwa nyuma ili isawazishe lenzi ya mbele, mpaka ifike kilo tatu au nne. Hapo mkono wangu na kamera vinaelewana. Gimbo ninayo, na naitumia pale hadithi inapotaka utulivu wa ajabu, lakini mhusika anayetoka kudaiwa kodi ya nyumba hatembei kwa utulivu wa ajabu, sasa kwa nini kamera itembee hivyo?

Kitu kinachonichagulia kamera kuliko uzito, hata hivyo, ni jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana kivuli chako kiko chini ya viatu vyako, na paji la uso linayatupia macho giza. Tufanye hesabu, maana hapa wengi huanguka. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwenye jua kali, lenzi ikiwa f/16, kasi ya shata ifanane na ISO. FX3 ikipiga kwa logi, ISO yake ya msingi ni 800. Kwa hiyo kwa f/16 ningehitaji shata ya sehemu moja ya 800 ya sekunde. Lakini filamu inayokwenda fremu 25 kwa sekunde inataka shata ya 1/50, la sivyo mwendo wa watu unakatakata. Hapo nimezidisha mwanga kwa stopu nne. Nikitaka lenzi iwe f/2.8 ili mandhari ya nyuma ilainike na macho ya mtazamaji yabaki kwa Akinyi, naongeza stopu nyingine tano. Jumla ni tisa. Stopu tisa za mwanga wa kutupa, na FX3 haina kichujio hata kimoja ndani yake.

Utasema, weka vya nje. Ndiyo, ninavyo. Lakini kichujio cha kuzungusha cha bei nafuu huweka msalaba wa giza angani na kuichafua rangi ya ngozi, na vile vizuri vya vioo vya mraba vinataka sanduku mbele ya lenzi, na sanduku likishakaa pale, kamera yako ya harusi imegeuka kuwa ya stesheni. Kiganja kinarudi kwenye lenzi. Ndiyo sababu FX6 inanipendeza zaidi barabarani kuliko mdogo wake: ina kichujio cha umeme ndani, kinachopunguza kuanzia stopu mbili hadi saba, unakizungusha kwa kidole mhusika akitoka juani kuingia chini ya kibaraza, bila fremu kuruka. Blackmagic walilielewa hilo pia, na Pocket 6K Pro ya 2021 ina vya stopu mbili, nne na sita ndani. ISO yake ya msingi ni 400, kwa hiyo kwa stopu sita unapiga f/5.6 juani. Si laini kama 2.8, lakini Kondele kuna mambo mengi nyuma ya mhusika yanayostahili kuonekana.

Juu ya jua ongeza mabati. Bati jipya la kibanda saa saba mchana hurudisha mwanga kama taa, na chini yake, kwenye kivuli, amekaa mama mwenye ngozi nyeusi tii, uso wake ndio hadithi. Kamera isiyoweza kushika vyote viwili itakulazimisha uchague, na mafundi wengi wa kutoka nje huchagua bati, maana mashine inawapigia kelele kwamba bati linaungua. Mimi hupima uso. Bati likiungua kidogo liungue, ndivyo hata jicho linavyoliona. Ninapojaribu kamera mpya siendi na kadi ya rangi peke yake. Naomba mwigizaji aje, akae chini ya bati, naangalia kama wekundu ulio chini ya weusi wake unabaki au unageuka majivu. Jaribio hilo limenifanya nikatae kamera moja iliyosifiwa sana.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Nalitaja kwa sababu kamera hufika kutoka Marekani zikiwa zimewekwa fremu 30 na shata 1/60, na kwenye duka la Kondele lenye mirija na taa za LED za bei rahisi, kuta huanza kupepesa. Fremu 25, shata 1/50, na bado upige kipande cha majaribio.

Usiku wa ziwani ni habari nyingine, na hapo ndipo FX3 inarudi kwa fahari. Wavuvi wa omena hutoka usiku usio na mbalamwezi, wakiwa na taa zinazoelea majini kuwavutia samaki. Zamani zilikuwa za mafuta, sasa nyingi ni za sola na LED. Ukitazama kutoka Dunga unaona mstari wa taa kama mji mwingine. Kila dairekta anautaka mstari huo. Lakini mashua ya uvuvi ina upana wa kukaa watu wawili wakibanana, ina maji chini, ina nyavu, na ina nahodha ambaye neno lake ndilo la mwisho. Hakuna nafasi ya mtu wa fokasi. Kuna mimi, mwigizaji, nahodha, na kijana wa sauti aliyejikunja kwenye tezi na rekoda yake. Lenzi moja ya milimita 35, maana kubadilisha lenzi juu ya maji, gizani, ni kutafuta msiba. ISO ya msingi ya pili ya FX3 ni 12,800, na kwa mwanga wa taa ya mvuvi tu, uso unaonekana, na nyuma yake giza linabaki giza la kweli. Pocket 4K, ambayo ISO yake ya pili ni 3,200, ilinilazimisha kuongeza taa, na taa iliyoongezwa kwenye mashua huonekana ni ya uongo mara moja.

Kisha wanakuja nzi wa ziwa. Wageni hawaniamini. Ni wadogo, hawaumi, lakini kwa msimu wao huinuka kama moshi na kufuata mwanga wowote, na mwanga ulio karibu nao ni skrini yako. Wanaingia kwenye lenzi, kwenye kipaza sauti, mdomoni mwa mwigizaji katikati ya sentensi. Zima skrini, pigia kwa kijidirisha kama unacho, au funika kwa kitambaa cheusi utoboe kijitundu. Kwa sauti sina dawa. Kijana wa sauti husubiri wapungue, na sisi sote tunamsubiri.

Mambo ya betri na kadi nitayapita haraka, ingawa ndiyo yanayosimamisha seti nyingi kuliko usanii wowote. Pocket 4K hula betri ndogo ya Canon kwa muda usiofika saa moja, kwa hiyo wepesi wake uko kwenye bodi na uzito wake uko kwenye begi. Stima ikipotea Obunga jioni, chaji yako ya kesho imepotea nayo. Picha ghafi ya 4K, hata iliyobanwa vizuri, inakula gigabaiti nyingi kwa saa, na lazima iwe na nakala mbili, kwenye mabegi mawili, yanayolala nyumba mbili tofauti. Na kamera ikigoma, haitengenezwi mtaani. Inapanda basi la usiku kwenda Nairobi na wewe unabaki na waigizaji. Kwa hiyo katika filamu ndefu ninapendelea bodi mbili ndogo zinazofanana kuliko moja kubwa ya kujivunia. Fundi mmoja wa kukodisha, simtaji, alitutumia kamera nzuri sana ikiwa na mlango wa kadi uliolegea, na siku hiyo bodi ya pili ndiyo iliyopiga.

Watayarishaji hunijia na jibu moja la kunyamazisha: Netflix. Kwamba kuna orodha ya kamera zilizoidhinishwa. Ipo kweli, na inahusu kazi zinazotengenezwa kwa ajili yao wenyewe, ambapo sehemu kubwa mno ya picha lazima itoke kwenye kamera za orodha hiyo. Filamu iliyokwisha kutengenezwa na wao wakainunua haipimwi kwa kipimo hicho. Na orodha yenyewe si ya mitambo mikubwa tu, FX3 na FX6 zimo. Kwa hiyo mtu asinitishe na orodha ambayo hajaisoma.

Mwingine huja na The Creator, ya Gareth Edwards, 2023, iliyopigwa kwa FX3 hiyohiyo. "Si unaona? Hollywood wenyewe!" Ninaona. Naona pia bajeti ya dola milioni 80, lenzi za kukodi, na baadaye jeshi la mafundi wa kompyuta waliojenga dunia nzima juu ya picha zile. Ila kuna jambo moja walilolifanya ambalo linatuhusu. Kwa sababu kamera ilikuwa ndogo, walisafiri na kundi dogo kwenye mandhari za kweli badala ya kuzijenga studioni. Yaani waliweka pesa mahali pengine. Hilo tunaweza kuliiga kwa bajeti yoyote.

Kijana akiniuliza anunue nini, namwambia anunue lenzi mbili nzuri, vichujio visivyochafua rangi, betri za kutosha, na bodi aikodishe, kwani bodi huzeeka kila baada ya miaka mitatu na lenzi itaingia naye kaburini. Wengi hawanisikii. Bodi ndiyo inayopigwa picha na kuwekwa mtandaoni.

Kazi iliyo mezani sasa ni filamu ya mtayarishaji wa Nairobi, na yeye anataka Alexa Mini mwanzo hadi mwisho. Nimemwandikia pendekezo langu: Alexa ibaki kwa matukio ya ndani ya nyumba na korido za hospitali, ambako tuna mlango wa kufunga na muda wa kuweka taa, FX6 ichukue Kondele na Kibuye, FX3 ichukue ziwa usiku. Fundi wa rangi ameshasema kuzilinganisha kamera tatu kutamchukua siku za ziada, na mtayarishaji anauliza nani atazilipa siku hizo. Ni swali la haki. Nimemwomba afungue bajeti yake ukurasa wa matukio ya barabarani, pale alipoweka pesa za walinzi, vizuizi, chakula cha watu wa kuzuia watu, na siku mbili za Akinyi kuvuka barabara, akate siku moja na walinzi wote, kisha anipigie.